Kitenzi sein: vitenzi vitatu chini ya paa moja

Muhula uliopita mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alinisubiri mlangoni mwa oditwari, daftari mkononi. Walikuwa wamerudishiwa interogasio ya Kijerumani. Kwenye karatasi yake sentensi moja ilikuwa imekatwa mara mbili kwa wino mwekundu: Ich habe in Kolwezi gewesen. Alitaka kusema kwamba aliwahi kuwa Kolwezi. Akaniambia: "Yaya, hiki kitenzi hakina baba wala mama. Bin, ist, sind, war, gewesen, hakuna hata mbili zinazofanana. Afadhali nibadilishe lugha."

Nilicheka, lakini si kwa kumdharau. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipoteza alama kwa kosa hilo hilo, na mimi pia niliwaza kuhama. Nilipouliza kwa nini tuseme ich bin wakati kitenzi chenyewe kinaitwa sein, nilijibiwa kwamba hicho ni kitenzi kisichofuata kanuni, kwa hiyo nikishike kwa kichwa. Nikakishika. Likizo ilipokwisha, kilikuwa kimeshatoka kichwani.

Makala haya ni jibu ambalo ningependa kupewa siku ile. Nataka kuonyesha jambo moja: sein si kitenzi kimoja kilichoharibika. Ni vitenzi vitatu vya kale vilivyogawana kazi ya kusema "kuwa", na kila kimoja bado kinaonekana mahali pake. Ukishavitambua, jedwali linaanza kusomeka. Mwishoni nitarudi nyumbani, maana lugha zetu nazo zimefanya jambo hilo hilo, na sisi tunaozisema hatulioni.

Jedwali lenyewe

Tuanze kwa kuweka umbo zote mezani.

Wakati uliopo: ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind.
Wakati uliopita (Präteritum): ich war, du warst, er war, wir waren, ihr wart, sie waren.
Konjunktiv I: ich sei, du seist (au seiest), er sei, wir seien, ihr seiet, sie seien.
Konjunktiv II: ich wäre, du wärst (au wärest), er wäre, wir wären, ihr wärt (au wäret), sie wären.
Amri: sei! seid! seien Sie!
Perfekt: ich bin gewesen.

Ukiangalia herufi za mwanzo tu, utaona makundi matatu. Kuna umbo zinazoanza na b: bin na bist. Kuna zinazoanza na w, au zenye w ndani: war, wäre, gewesen. Zilizobaki ni za s, pamoja na ist. Makundi hayo matatu ndiyo vitenzi vyetu vitatu.

Tunajuaje? Mwaka 1816 Mjerumani Franz Bopp alitoa kitabu kilicholinganisha jinsi vitenzi vinavyobadilika katika Kisanskrit, Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na lugha za jamii ya Kijerumani. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiweka lugha hizo bega kwa bega, wakitafuta sauti zinazolingana kila mara, kisha wakikisia umbo la lugha mama ambayo hakuna aliyeiandika. Umbo la namna hiyo huwekewa nyota mbele. Tunapoandika *es- tunamaanisha: neno hili halikukutwa katika maandishi yoyote, ila ulinganisho unatulazimisha kulikubali.

Mzizi wa kwanza: *es-, "kuwa"

Huu ndio mzizi wa "kuwa" hasa. Weka pamoja ist ya Kijerumani, est ya Kilatini, est ya Kifaransa, esti ya Kigiriki na asti ya Kisanskrit. Sasa chukua wingi: sind, sunt, sont, santi. Sisi tuliosoma shule nzima kwa Kifaransa tulikuwa nao mkononi tangu darasa la kwanza: ist na sind ni ndugu wa damu wa est na sont.

Lakini kwa nini irabu ya mwanzo iko katika ist na haiko katika sind? Katika lugha mama mkazo wa sauti ulihama. Katika umoja mkazo ulikuwa juu ya mzizi, ukailinda irabu yake: *es-ti. Katika wingi mkazo ulihamia kwenye kiambishi cha mwisho, na mzizi ukabaki s peke yake: *s-enti. Kwa hiyo tofauti ya ist na sind, ambayo darasani inaitwa ukorofi, ilikuwa kanuni.

Kutoka s hiyo hiyo tunapata sei. Kilatini kilikuwa na sit, ambayo leo inaonekana katika soit ya Kifaransa. Ndiyo maana Konjunktiv I ya sein inafahamika upesi kwa mtu aliyezoea Kifaransa: umbo la s ni la jambo linalotakiwa, linalowaziwa au linalosemwa na mwingine. Gazeti la Kijerumani likiandika Der Minister sagt, er sei krank, mwandishi hathibitishi kwamba waziri ni mgonjwa. Anapeleka tu maneno ya waziri. Kumbuka kwamba er sei haina t mwishoni, tofauti na er ist.

Ihr seid nayo ni ya kundi hili. Iandike kwa d. Seit yenye t ni neno jingine, maana yake "tangu". Sikio halitakusaidia hapo, kwa sababu maneno yote mawili hutamkwa sawasawa. Ni jicho litakalokuokoa.

Mzizi wa pili: *bhu-, "kuota, kuja kuwa"

Mzizi huu haukuanza kwa maana ya "kuwa" tu. Ulikuwa wa kuota na kukua kama mmea. Kigiriki kiliutumia kwa kuota na kuzaa, na humo ndimo lilimotoka neno physis, "maumbile", ambalo limetupatia fizikia. Kijerumani bauen, "kujenga", na Bauer, "mkulima", vinahesabiwa katika ukoo huo. Zamani bauen ilikuwa kukaa mahali na kulima ardhi yake.

Bh ya lugha mama ikawa b katika Kijerumani, na mwanzoni mwa neno ikawa f katika Kilatini. Ushahidi tunao nyumbani kwetu: Bruder na frère ni neno moja, b upande huu na f upande ule. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kitenzi chetu. Kilatini kina fui, "nilikuwa", na Kifaransa kina je fus, il fut. Basi bin na fus, hata kama hazifanani usoni, ni za mzizi mmoja. Be ya Kiingereza ni ya humo humo.

Bin yenyewe ni mchanganyiko. Katika Kigothi, lugha ya jamii hii iliyoandikwa katika karne ya 4 Wulfila alipotafsiri Biblia, "mimi ni" ilikuwa im, bila b. Umbo hilo linatoka *es-mi, na m ya mwisho ndiyo alama ya "mimi", ile ile inayoonekana katika am ya Kiingereza na sum ya Kilatini. Kijerumani cha kale kilikuwa na bim: b ya mzizi wa pili imepandikizwa juu ya im ya mzizi wa kwanza. Baadaye m ya mwisho ikageuka n, tukapata bin. Mzizi wa b wakati huo ulifika hata kwenye wingi: birum ilikuwa "sisi ni" na birut "ninyi ni". Polepole umbo za s zikaenea, na birum ikapotea kabisa. Leo b imebaki kwa ich na du tu.

Mzizi wa tatu: *wes-, "kukaa, kulala mahali"

Kisanskrit vasati maana yake "anakaa, anaishi". Hiyo ndiyo maana ya zamani ya mzizi huu: kukaa mahali, kupitisha usiku mahali. Kutoka "alikaa pale" kwenda "alikuwa pale" ni hatua fupi sana.

Tatizo ni hili: ikiwa mzizi ni wes-, r ya war inatoka wapi? Kijerumani cha kale kilisema was katika umoja na warun katika wingi. Aliyeeleza sababu ni Karl Verner, Mdenmaki, katika miaka ya 1870. Alionyesha kwamba mahali pa mkazo wa kale palibadilisha konsonanti: mkazo ulipotangulia mara moja kabla ya s, s ilibaki, ulipokuwa kwingine, s ilisikika kama z, na z hiyo baadaye ikawa r. Kiingereza kimehifadhi hali hiyo mpaka leo: was katika umoja, were katika wingi. Kiholanzi pia kinasema was na waren. Ndiyo lugha ambayo wazee wetu waliiona pamoja na Kifaransa kwenye noti za Kongo ya Wabelgiji. Kijerumani kilichoka na tofauti hiyo, kikaeneza r kila mahali: ich war, wir waren. Ila gewesen haikuguswa, na s yake bado inaonyesha mzizi ulivyokuwa.

Kutoka war- hiyo, kwa kubadilisha a kuwa ä, tunapata wäre, yaani "ningekuwa": Wenn ich Zeit hätte, wäre ich jetzt in Kolwezi, "kama ningekuwa na nafasi, sasa hivi ningekuwa Kolwezi".

Zamani infinitivo ya kawaida ilikuwa wesan. Sein ni mgeni aliyechongwa baadaye kutoka umbo za s. Kwa karne kadhaa zote mbili ziliishi pamoja, halafu sein ikashinda. Wesen haikufa: leo ni nomino das Wesen, "kiumbe" au "asili ya kitu", na iko ndani ya anwesend, neno la mtu aliyepo wakati majina yanasomwa darasani. Huko Uswisi watu hawakuridhika hata na gewesen. Kwa lahaja yao husema gsi, umbo la s. Yaani wasemaji wa Kijerumani wenyewe hawakukubaliana ni mzizi gani ushike kazi gani.

Kwa nini hakikunyooshwa?

Mtu atauliza: katika karne zote hizo, kwa nini Wajerumani hawakusema tu ich seine, du seinst? Jibu ni kwamba kitenzi kinachotumika sana ndicho kinachohifadhi umbo zake za kale. Mtoto anasikia ist na war mara nyingi kila siku, kabla hajaweza kubuni kanuni yoyote. Kitenzi kinachosikika mara chache hakina ulinzi huo. Backen, "kuoka", kilikuwa na wakati uliopita buk. Leo wengi husema backte, kama vitenzi vya kawaida. Buk ilisahauliwa kwa sababu watu hawaisikii vya kutosha. Kwa hiyo umbo za sein zilibaki za ajabu kwa sababu ziko midomoni mwa watu mchana na usiku.

Mtego wa Perfekt

Sasa turudi kwenye wino mwekundu. Sentensi ya mdogo wangu ilikosewa kwa sababu alifikiri kwa Kifaransa. Kifaransa kinasema j'ai été, kwa avoir. Kijerumani kinasema ich bin gewesen, kwa sein yenyewe. Sisi Wakongo tunaanguka hapo kwa sababu lugha hizi mbili zinakaribiana mahali pengine: je suis venu, ich bin gekommen, je suis resté, ich bin geblieben. Ukizoea kufanana huko unadhani njia ni moja mpaka mwisho.

Kanuni ya Kijerumani ni hii: sein hutumika kwa kitenzi kisicho na yambwa kinachoonyesha kuhama mahali au kubadilika hali, kama gehen, kommen, sterben, aufwachen na werden, pamoja na sein na bleiben. Kwa hiyo Mfaransa anasema j'ai nagé, lakini Mjerumani anayeogelea kutoka upande mmoja hadi mwingine anasema ich bin geschwommen. Kinyume chake, vitenzi vya kujitendea ambavyo Kifaransa hupenda kuvipa être hupewa haben: je me suis lavé, lakini ich habe mich gewaschen.

Tukirudi nyumbani

Mdogo wangu aliposema kwamba kitenzi hiki hakina baba wala mama, nilimwomba aniambie kwa Kiswahili: mimi ni mwanafunzi. Kisha wakati uliopita: nilikuwa mwanafunzi. Kisha: mimi niliye mwanafunzi. Nikamuuliza: ni, -wa na -li zinafanana wapi? Alinyamaza.

Kiswahili nacho kina zaidi ya mzizi mmoja. Ni haibadiliki kwa nafsi. -Li ni kitenzi cha kale cha "kuwa" ambacho katika Kiswahili sanifu kimejificha ndani ya aliye, walio, yaliyo; kwa wenzetu wasemao Kinyarwanda kiko wazi: ndi, uri, ari, turi. -Wa, ambayo ni -ba katika lugha nyingi za Kibantu, imeshika wakati uliopita, wakati ujao na infinitivo. Wataalamu wengi wanaona kwamba hata -li- ya wakati uliopita ilitokana na kitenzi hicho cha -li. Wakiwa sahihi, basi kila tunaposema nilikuwa tunatamka vitenzi viwili vya "kuwa" katika neno moja, wala hatusikii.

Njia ya *wes-, kutoka "kukaa" kwenda "kuwa", nayo tunayo. Kwikala ya Kiluba na Tshiluba, na kala ya Kikongo, ni "kuwa" na pia "kukaa, kubaki", na ni ndugu wa kukaa ya Kiswahili. Msemaji wa Tshiluba hahitaji kuhubiriwa namna "kulala mahali" ilivyozaa war.

Iko pia niko. Hapa kwetu mtu husema niko mwanafunzi, maji iko baridi, na mwalimu wa Kiswahili sanifu hukata kwa wino mwekundu ule ule. Ana haki, kama mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Humo niko ni ya mahali tu: niko nyumbani. Lakini -ko ni neno la mahali, na kinywani mwa watu limetoka kwenye "nipo huko" likafika kwenye "mimi ni". -Ko si kitenzi kama wesan, ila safari ni ile ile: kutoka mahali kwenda kwenye "kuwa". Ikiwa Kijerumani hakikuharibika kilipofanya hivyo, tuache kusema kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimeharibika. Tuseme kina umbo lake, na tujifunze ni wapi linakubalika na ni wapi halikubaliki.

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza ninashauri kitu kidogo. Chukueni kalamu za rangi tatu. Andikeni jedwali la sein upya: rangi moja kwa s na ist, moja kwa b, moja kwa w. Mtaona wakati uliopo una rangi mbili, Konjunktiv I rangi moja tu, na Präteritum na Konjunktiv II zina rangi moja wanayogawana. Kazi ya kukariri inapungua mara moja. Na kwa wakufunzi wetu, kwa heshima yote, ninaomba dakika kumi za somo la kwanza zitolewe kwa hadithi hii kabla ya jedwali kuandikwa ubaoni.

Mdogo wangu alitengeneza sentensi yake palepale mlangoni: Ich bin in Kolwezi gewesen. Nikamwonyesha kwamba ndani yake kuna bin ya kuota na gewesen ya kukaa. Aliitazama kidogo, akasema: "Kumbe baba na mama wote wapo." Mpaka leo yuko katika Kijerumani.